Tunaloliweza Ramadhani, mbona linatushinda Shawwal?

Asubuhi ya Idi hapa Nyakato, takbira zingali zikisikika kutoka katika vipaza sauti, huonekana jambo lililozoeleka kiasi kwamba hakuna anayelistaajabia. Ndugu yetu ambaye kwa siku 29 au 30 hakugusa sigara tangu alfajiri hadi magharibi, amesimama pembeni mwa barabara ya Musoma na sigara yake mkononi, kana kwamba anamlaki mpenzi aliyekuwa safarini.

Sisi tunaokaa karibu na Ikweta usiku na mchana wetu haubadiliki sana, kwa hiyo saumu ya Mwanza huwa ni ya saa 13 na zaidi, iwe imeangukia Januari au Julai. Ndugu huyu mwezi wa Shaaban alimwambia daktari kuwa hawezi kukaa saa mbili bila kuvuta. Hatusemi kwamba alimdanganya daktari. Alikuwa akijidanganya mwenyewe, na Ramadhani ikaja kumsuta.

Tunalisema hili la sigara kwa kuwa liko wazi, lakini nia yetu si kuwasimanga wavutaji. Sote tuna sigara zetu. Mwingine yake ni vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe cha chai, mwingine ni soda na chipsi mayai za kila jioni, mwingine hawezi kutoka kwake hadi kituo cha daladala bila kupanda bodaboda. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliofanywa kwa Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa katika kila watu 100, takriban 9 walikuwa na kisukari na 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Zamani sisi wa Kanda ya Ziwa, walaji wa sato na dagaa, tulidhani hayo ni maradhi ya matajiri wa Dar es Salaam. Leo ni nyumba gani katika mitaa yetu isiyokuwa na mama anayepanda Bugando kwa kliniki, au baba ambaye mkono wake mmoja haunyanyuki baada ya kiharusi?

Na hakuna asiyejua la kufanya. Muulize mtu yeyote barazani, atakutajia: punguza sukari, punguza chumvi, tembea, acha tumbaku. Elimu hiyo tumeipata redioni na hospitalini. Kinachokosekana ni msukumo, na hapa ndipo tunapoona kuwa wengi wetu tunausubiri mahali usipotoka.

Wengi huusubiri kutoka katika hofu. Mtu akiambiwa sukari yake imepanda, hutoka hospitali akitetemeka, akatembea wiki moja, akanywa chai kavu, kisha pole pole hurudi alikokuwa. Si kwamba hapendi uhai. Maradhi haya miaka ya mwanzo hayaumi, na hofu ya jambo lisilouma huchakaa upesi. Wengine huusubiri muujiza. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu kutoka kila pembe ya nchi, na hata nchi jirani, waliifuata njia mbovu hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Walilala katika foleni za magari siku kadhaa, na wapo waliofia humo. Waislamu hawakukosekana. Watu wenye ari ya kusafiri namna ile hawawezi kuambiwa kuwa hawana msukumo. Walikuwa nao tele, ila wa kufanya jambo kubwa mara moja, si dogo kila siku. Na tusicheke sana, kwani hata nje ya misikiti yetu baada ya swala ya Ijumaa huuzwa chupa zinazodaiwa kutibu kila kitu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walichapisha mwaka 2010 matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 96. Kila mmoja alichagua tendo moja dogo la kula, kunywa au kutembea, akalifanya kila siku baada ya jambo lile lile, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Ilichukua kama siku 66 kwa mtu wa kati hadi tendo likawa linatendeka lenyewe bila kusukumwa. Wepesi walikadiriwa siku 18, wazito 254. Aliyekosa siku moja hakuharibikiwa, almuradi aliendelea.

Tukiyatazama hayo kwa jicho la Muislamu, mambo mawili yanajitokeza. La kwanza, Ramadhani haifiki hata nusu ya siku hizo 66. Ndiyo maana Shawwal hutushinda: tunauacha mche ungali mchanga. La pili, lile jambo la kila siku ambalo wenzetu walilazimika kulitafuta katika kifungua kinywa, sisi tumepewa mara tano. Adhana haisahau. Tuchukulie mtu ambaye msikiti uko mwendo wa dakika nane kutoka kwake. Akienda na kurudi kwa miguu Alfajiri na Isha tu, ametembea dakika 32 kwa siku, yaani dakika 224 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150. Bodaboda ya kwenda msikitini, kwa mwenye miguu mizima, inamgharimu nauli na afya, na hata thawabu za hatua zake.

Mzee mmoja jirani yetu, ambaye jina lake tunalihifadhi, aligundulika na kisukari miaka kadhaa iliyopita. Kwa muda mrefu mkewe alimchemshia chai yake peke yake, isiyo na sukari, na wanawe wakanywa yao mbele yake. Haikufaa kitu, mzee aliiba sukari kama mtoto. Ikawa mkewe ndiye aliyekata shauri: birika moja kwa nyumba nzima, na kila baada ya swala ya Ijumaa kijiko kimoja kinapungua. Watoto walinung'unika. Hadi ikapita miezi miwili hakuna aliyenung'unika tena. Dawa zake hakuziacha, na tunasisitiza hilo, maana wapo wanaotupa vidonge kwa kuwa wameanza kutembea, na wapo wagonjwa wanaofunga bila kumuuliza daktari.

Hapa lazima tujilaumu wenyewe. Mgonjwa akikataa soda harusini tunamwambia "leo moja tu, haitakuua". Mwenyeji akipika wali bila mafuta kuogelea anaitwa bahili. Akina mama wakitoka jioni kutembea baada ya Alasiri, vijana huwacheka na waume huuliza wanakwenda wapi. Mtu mmoja atawezaje kusimama peke yake dhidi ya jamaa nzima inayompenda hivyo?

Wapo watakaosema kuwa haya ni ya hospitali, si ya mimbari. Kisa cha Salman na Abu Dardaa (r.a.), alichokipokea Bukhari, kinatosha kuwajibu. Salman alimkuta nduguye akiutesa mwili wake hata kwa ibada, akamtaka ale, akamtaka alale, akamkumbusha kuwa nafsi yake na ahali zake wana haki juu yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Na nguvu ya mimbari imekwishapimwa huku huku kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet, uliowashirikisha madaktari wa Bugando, ulihusu vijiji 16 vya kaskazini-magharibi mwa Tanzania ilipopita kampeni ya tohara ya wanaume. Palipokuwa na viongozi wa makanisa walioelimishwa kwanza, wanaume waliotahiriwa walifika asilimia 52.8, kwingineko asilimia 29.5. Huduma ilikuwa ile ile. Basi maimamu wetu, ambao husikilizwa kila Ijumaa, wanangoja nini? Khutba moja ya mwisho wa Ramadhani juu ya kuwaendeleza waliopumzika na tumbaku, na jirani mmoja wa kumpitia kila mmoja wao hadi Dhulqaada, haigharimu hata shilingi.

Juzi tulikuwa na yule mzee katika walima huko Igoma. Aliletewa chai ya maziwa, tamu kama ile aliyokuwa akiiiba. Akaonja, akakirudisha kikombe juu ya sinia. Tulimsifu kwa kushika masharti ya daktari. Akatikisa kichwa, akasema hakumkumbuka daktari hata kidogo. Chai ile ilikuwa imemshinda kwa utamu.