Sanitaiza haiui parvo ya paka

Wasee, tuambiane ukweli. Kuokota kapaka pale steji, kukaposti, halafu kukaingiza moja kwa moja kwa nyumba yenye paka mwingine, hiyo si huruma. Hiyo ni bahati nasibu, na anayepoteza si wewe.

Kuna ugonjwa unaitwa panleukopenia, parvo ya paka. Kapaka kanatapika, kanaharisha, siku chache kameenda. Halafu ati jirani ndiye alikapa sumu! Kirusi chenyewe kinaweza kukaa kwa boksi au sakafu hata mwaka mzima, na boksi hilo hilo unampa beshte yako aweke kengine.

Sanitaiza ya spiriti haikiui. Osha kwa sabuni kwanza, kisha Jik, kipimo 1 kwa 32 vya maji, iache dakika 10, usuuze. Blanketi lililochafuka tupa tu. Mgeni akae peke yake wiki 2, na bakuli lake na mchanga wake. Unaishi bedsita na una paka hajachanjwa? Basi huyo wa steji mtafutie mtu mwingine.

Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8, na hurudiwa. Ati huna doo, na juzi ulikuwa unatuonyesha raba mpya?