Ulinzi wa Njia ya Mkojo Usiishie Mlangoni mwa Hospitali

Mwanamke mkulima wa vitunguu katika bonde la Lumuma, wilayani Kilosa, anapoambiwa kwamba kizazi chake hakina budi kutolewa kwa sababu ya vivimbe vinavyomtoa damu mwezi baada ya mwezi, swali lake la kwanza aghalabu huwa moja: atarudi shambani lini? Upasuaji wa matundu madogo, yaani laparoskopia, una jibu la kutia moyo. Tumbo halipasuliwi kwa mkato mrefu, maumivu hupungua, na mara nyingi mgonjwa huruhusiwa baada ya siku moja au mbili.

Sifa hiyo ni ya kweli, ila ina upande wa pili usiotajwa sana. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyojumuisha majaribio 47 ya njia mbalimbali za kutoa kizazi na wanawake 5,102, yalionyesha kwamba wanaofanyiwa upasuaji wa matundu madogo hurejea katika shughuli zao mapema kuliko wanaopasuliwa tumbo, lakini pia hupata majeraha ya njia ya mkojo kwa wingi zaidi. Majeraha hayo si mengi. Hata hivyo, kwa yule anayeyapata, maisha hubadilika: mkojo humvuja usiku na mchana, au figo moja hufa kimyakimya pasipo yeye kujua.

Sababu ya hatari hiyo ni ujirani. Kibofu kimeegemea kizazi kwa mbele. Mirija miwili iletayo mkojo kutoka figoni, ambayo wataalamu huiita ureta, hupita pembeni mwa shingo ya kizazi, kwa umbali wa takriban sentimita 2 tu, chini ya mshipa wa damu ambao sharti ufungwe ili kizazi kitoke. Ni mithili ya mfereji unaopita chini ya daraja: anayelibomoa daraja bila kuutazama mfereji huweza kuuharibu. Vivimbe vikubwa huisogeza mirija hiyo kutoka mahali pake. Makovu ya upasuaji wa kujifungua hukigandisha kibofu kwenye kizazi. Hatimaye, vyombo vya umeme vinavyozuia damu husambaza joto kupita pale vinapogusa.

Kinga huanza kabla ya jeraha. Kibofu humwagwa kwa mpira wa mkojo. Kizazi husukumwa juu kwa kifaa maalumu ili ureta ziwe mbali zaidi na mahali pa kukata. Kibofu hushushwa polepole, hasa kwa mwanamke aliyewahi kujifungua kwa upasuaji. Mpasuaji huzitafuta ureta kwa macho kabla ya kuchoma au kukata chochote karibu nazo. Mwishoni, kabla ya kufunga, kamera ndogo huingizwa kibofuni kuona iwapo mkojo unachuruzika kutoka pande zote mbili. Hatua hii ya mwisho isichukuliwe kuwa anasa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, wanawake 471 waliotolewa kizazi kwa njia mbalimbali walichunguzwa kibofu wakiwa bado mezani. Wanane walikuwa wameumia ureta, na ni mmoja tu kati yao ambaye jeraha lake lilikuwa limeonekana kabla ya kamera kuingizwa. Macho ya mpasuaji, hata awe hodari, hayatoshi.

Lakini kamera nayo ina kikomo, na hapa ndipo hoja nzito ilipo. Ureta iliyoguswa na joto huweza kupitisha mkojo vizuri siku ya upasuaji, kisha ukuta wake ukafa na kutoboka baada ya siku kadhaa, pengine wiki mbili. Wakati huo mgonjwa wa matundu madogo yuko wapi? Si wodini tena. Amekwisha rudi kwake Lumuma, nyuma ya milima, mbali na daktari aliyempasua. Kasi ileile inayosifiwa imelihamisha jeraha kutoka wodini hadi kijijini. Kwa hiyo mganga na muuguzi wa zahanati, wasiowahi kukanyaga chumba kile cha upasuaji, wamekuwa sehemu ya timu ya upasuaji pasipo kuambiwa.

Na wasipoambiwa, yanayofuata yanatabirika. Mwanamke mwenye homa na maumivu ya ubavu hutibiwa malaria. Anayevuja mkojo hupewa dawa za maambukizi ya mkojo, tena na tena. Anayeona haya hukaa kimya, huku majirani wakinong'ona.

Utafiti wa Raassen na wenzake uliochapishwa mwaka 2014 uliwahusu wanawake 5,959 wenye fistula waliotibiwa katika nchi 11 za Afrika na Asia kati ya 1994 na 2012. Kati yao, 805 waliipata kutokana na mkono wa mpasuaji. Wengi walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa uzazi, na waliosalia upasuaji mwingine wa kizazi. Jambo hili laonyesha kwamba mazoea ya kuihusisha fistula na uchungu wa muda mrefu peke yake yamepitwa na wakati. Mwanamke anayevuja baada ya upasuaji aulizwe kwanza alipasuliwa nini na lini.

Wapo wasemao kwamba kumweleza mgonjwa hatari hizi ni kumtisha. Sivyo. Kinachotisha ni kuvuja bila kujua sababu wala pa kukimbilia. Wapo pia wasemao kwamba kuandika majeraha hadharani kutaichafulia hospitali jina. Hospitali isiyoandika majeraha yake haiwezi kujua kama yanapungua, na idadi ya sifuri iliyotokana na kutouliza haina thamani yoyote.

Kwa hiyo, kila hospitali inayoanzisha upasuaji huu ianzishe pamoja nao mambo matatu. Kwanza, uchunguzi wa kibofu na ureta kabla ya kufunga uwe desturi, pasipo kungoja shaka. Pili, mgonjwa asiondoke bila karatasi ya Kiswahili inayoeleza alichofanyiwa, dalili za hatari na namba ya simu ya wodi. Dalili zenyewe ni mkojo au majimaji kutoka ukeni, maumivu ya ubavu, homa, tumbo kujaa, kutapika, na mkojo kupungua. Tatu, apigiwe simu baada ya wiki moja na baada ya wiki mbili, kabla hajasahaulika.

Mhudumu wa zahanati naye ana nafasi yake. Mgonjwa anayevuja mfululizo ilhali bado anakojoa kama kawaida huenda ameumia ureta moja, kwa maana figo ya upande wa pili ingali inajaza kibofu. Huyo apelekwe rufaa haraka. Tundu dogo la kibofu lililogunduliwa mapema huweza kuziba lenyewe iwapo mpira wa mkojo utawekwa na kuachwa kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi. Kila siku ya kungoja huipunguza nafasi hiyo.

Umbali si kisingizio. Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kutuma nauli za wagonjwa wa fistula kwa M-Pesa, kupitia mabalozi waliowatambua wanawake hao vijijini. Ikiwa nauli iliweza kumfikia mgonjwa kwa simu, swali moja la daktari, "Unavuja?", nalo laweza kumfikia.

Wakulima wa Lumuma wanaoishi kwa maji ya mifereji hawahitaji kufundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanajua pia kwamba ufa wa mfereji hauonekani siku unapotokea, bali siku maji yanapopungua shambani. Upasuaji wa kutoa kizazi usihesabiwe kuwa umekwisha pale uzi wa mwisho unapofungwa. Umekwisha pale mwanamke anapoulizwa, wiki mbili baadaye, na kujibu kwamba yu mkavu na hana maumivu.