Udongo Shahidi, Ulimi Mzushi

Aghalabu waonjaji mashuhuri hudai kwamba mvinyo mweupe wa Chablis, huko Burgundy nchini Ufaransa, una ladha ya mawe na magamba ya chaza. Dai hilo lina mvuto, kwani ardhi ya huko kweli ni ya chokaa iliyosheheni visukuku vya chaza wadogo wa kale. Hata hivyo, ladha ya jiwe ni sitiari, na sitiari haisimami kizimbani. Mwanajiolojia Alex Maltman, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu mashamba ya mizabibu na miamba, ameshikilia kwamba madini yatokayo ardhini ni haba mno katika mvinyo kuweza kuonjwa moja kwa moja.

Haba, lakini si bubu. Kisichohisiwa na ulimi husomwa na mashine ya kupima uzito wa atomi. Chukua mfano wa strontiamu. Ndani ya miamba, rubidiamu-87 hugeuka polepole kuwa strontiamu-87. Nusu yake huhitaji takribani miaka bilioni 49. Kwa sababu hiyo, matale ya kale, kama yale ya kaskazini mwa Beaujolais, kwa kawaida huwa na strontiamu-87 nyingi zaidi, ikilinganishwa na strontiamu-86, kuliko mawe ya chokaa. Mzabibu huufyonza uwiano huo pamoja na maji bila kuubadilisha kwa kiasi cha kutajika.

Seuze mkono wa binadamu! Huo ndio unaoharibu ushahidi. Mkulima hunyunyiza dawa ya shaba shambani. Mtengenezaji husafisha mvinyo kwa udongo wa bentonaiti, ambao huongeza elementi fulani na kupunguza nyingine. Anayehesabu elementi zote bila kuuliza mvinyo ulipitia wapi huenda akaisoma pishi akidhani anasoma shamba. Uwiano wa strontiamu huvumilia misukosuko hiyo vizuri zaidi, ingawa nao una kikomo: nchi mbili zilizo mbali huweza kuwa na mwamba wa aina moja na tarakimu zinazofanana.

Basi kipimo hiki kina nguvu zaidi katika kukanusha kuliko kuthibitisha. Chupa yenye jina la ardhi ya chokaa na tarakimu za matale inastahili kutiliwa shaka. Chupa yenye tarakimu zinazoafiki haijathibitisha kijiji chake. Ili hata kukanusha kuwe kwa haki, sharti pawepo sampuli halisi za kulinganishia, za kila eneo na kila msimu. Jumuiya ya Ulaya ilianzisha hazina ya takwimu za isotopu za mvinyo mwaka 1991. Uwiano wa strontiamu unahitaji hazina pana kama hiyo, yenye sampuli zilizochumwa shambani mbele ya mashahidi, wala si chupa zilizonunuliwa dukani, ambazo lebo zake ndizo zinazoshukiwa.