Mkalimani Naye ni Sehemu ya Tiba



Katika miaka yangu ya ukarani nilijifunza jambo moja. Fomu ikiwa na nafasi ya kuandikia jambo, mtu ataliuliza. Nafasi hiyo ikiondolewa, jambo lenyewe husahauliwa, hata kama sheria inalitaka. Siku hizi nafikiria nafasi moja ndogo katika fomu za hospitali za Marekani, ile inayomwuliza mgonjwa anazungumza lugha gani na kama anahitaji mkalimani.

Nafasi hiyo inawahusu watu wetu. Tukitaja Waswahili walio mbali, mawazo yetu huenda London au Toronto. Lakini leo Kiswahili kinasikika pia Louisville katika jimbo la Kentucky, Columbus katika Ohio, na Buffalo katika New York. Wengi wa wasemaji wake ni wakimbizi wa Kongo ya mashariki, waliokaa miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu huko Kigoma au Nakivale huko Uganda. Columbus wako pia Wabantu wa Somalia. Wazee wao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka Tanganyika na Msumbiji, na baadhi yao hadi leo wanasema Kizigua.

Watu hawa wanapougua, wanahudumiwa na wauguzi waliosomeshwa nadharia. Msomaji asidhani nadharia ni maneno ya vyuoni tu. Florence Nightingale aliandika mwaka 1859 kwamba hewa safi, mwanga na usafi ni sehemu ya kumponya mgonjwa, na wodi zikabadilika. Dorothea Orem, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alisema kazi ya muuguzi ni kumsaidia mtu pale anaposhindwa kujihudumia, na kumfundisha mpaka aweze mwenyewe. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari leo harudi nyumbani kabla ya kuelezwa namna ya kujidunga sindano.

Wa tatu ni Madeleine Leininger. Katika miaka ya 1950 alikuwa muuguzi wa watoto wenye matatizo ya akili huko Cincinnati, mji ulio njiani baina ya Louisville na Columbus. Aliona kwamba watoto wa asili mbalimbali hawatulizwi kwa njia moja, na masomo yake hayakumweleza kwa nini. Akaenda kusoma elimu ya mila za watu, akaishi na watu wa Gadsup huko Papua New Guinea, na mwaka 1974 akaanzisha chama cha wauguzi wanaofuata njia hiyo.

Alisema muuguzi akikutana na mila ya mgonjwa ana njia tatu. Ya kwanza ni kuihifadhi: mzazi akitaka kukaa siku arubaini ndani na uji wake, aachwe. Ya pili ni kupatana: mwenye kisukari akitaka kufunga Ramadhani, wakae na daktari wapange saa za dawa, au aelezwe kwa heshima kwa nini asifunge. Ya tatu ni kubadilisha: anayetaka kumkata mtoto kimeo kwa sababu ya kikohozi aelimishwe mpaka aache. Lakini hakuna hata moja inayowezekana ikiwa wawili hawaelewani maneno. Hapo ndipo mkalimani anapokuwa sehemu ya tiba.

Sheria nayo ilifuata. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 ilikataza ubaguzi wa asili ya mtu mahali panapopokea fedha za serikali kuu. Mwaka 2000 Rais Clinton alitoa amri kwamba idara za serikali ziwafikirie wasiojua Kiingereza. Sheria ya afya ya 2010, katika kifungu chake cha 1557, na kanuni zilizofuata, zikazitaka hospitali zinazopokea fedha hizo kuleta mkalimani bila malipo, na kutomtumia mtoto kutafsiri isipokuwa katika dharura.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Tarehe 1 Machi 2025 Rais Trump alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani na kuifuta amri ile ya Clinton. Wengi walidhani haki ya mkalimani imekwisha. Haikwisha. Sheria ya 1964 na kifungu cha 1557 havifutwi kwa amri ya rais. Hofu yangu ni ya karani: mambo hayafi kwa kufutwa sheria tu, hufa pia pale wahusika wanapoacha kuuliza na wenye haki wanapoacha kudai.

Na hasara yake si ndogo. Mkongo akisema alikwenda kwa "munganga" ana maana ya daktari wa hospitali. Mkalimani wa mwambao asiyelijua hilo aweza kumwambia muuguzi kwamba mgonjwa ametumia mitishamba. Au mtoto wa miaka kumi, aliyekulia Louisville, anaambiwa dawa inywewe saa nane kwa hesabu ya Kiingereza. Anamtafsiria bibi yake "saa nane", na bibi wa mwambao anainywa saa sita baadaye, wakati kwake ilikuwa saa mbili. Tena mama gani atamweleza muuguzi habari za kutoka damu kwa kinywa cha mwanawe wa kiume?

Wapo wanaoikosoa nadharia ya Leininger, wakisema yaweza kumfanya muuguzi aone kabila badala ya mtu. Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori wa New Zealand, alisema anayestahili kuamua kama huduma ilikuwa salama ni mgonjwa mwenyewe. Naona ana haki, lakini mgonjwa ataamuaje kama hakuulizwa kwa lugha anayoijua?

Inawezekana kufanya vizuri. Buffalo kuna kituo cha afya cha Jericho Road, kinachohudumia wakimbizi wengi na chenye kliniki pia Goma. Wana mpango wa kuwapa wajawazito wakimbizi mama wa kuwasindikiza mpaka wajifungue.

Mwenye jamaa huko basi ampigie simu leo. Amwambie aombe mkalimani siku ya kuweka miadi, ataje Kiswahili chake ni cha wapi, na asimtoe mtoto skuli kwenda kutafsiri. Na sisi wa Ghuba tujitazame pia. Tunao bibi zetu wa Unguja na Pemba, Kiarabu chao kidogo, wanaouguzwa na wauguzi kutoka Kerala na Manila. Wanajibu "naam, naam" kwa kila swali, na muuguzi anaandika kwamba ameelewa.