Njia Fupi ya Maporomoko ni Darasa Tosha

Yapo maoni, hata miongoni mwa walimu wenye uzoefu, kwamba ziara ya masomo haina maana isipokuwa iwe ya mbali na ya kuchosha. Maoni hayo yafaa kupingwa. Kwa mtoto wa shule ya msingi, njia fupi na nyepesi hufundisha zaidi, maana mtoto aliyechoka hutazama nyayo zake tu, wala hautazami msitu.

Tuchukue mfano wa Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro. Maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170 hivi, huonekana kutoka bondeni kama uzi mweupe. Kwa sababu ya umashuhuri wake, mwalimu huvutwa kulipeleka darasa zima huko, ingawa njia yake ina mwinuko mkali. Lakini Mang'ula, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1992, ipo njia fupi iendayo kwenye maporomoko madogo ya Prince Bernhard. Watoto wa darasa la tatu waweza kwenda na kurudi wakiwa bado na nguvu za kuuliza maswali, na maswali hayo ndiyo mavuno ya safari.

Mavuno hutaka maandalizi. Andalio la somo na liwe na swali moja tu, ambalo jibu lake litafutwe papo hapo msituni. Kwa mfano: kwa nini mawe yaliyo karibu na maporomoko yamefunikwa na mimea midogo laini ya kijani, na yaliyo mbali ni makavu? Watoto wayaguse mawe, wahesabu hatua, walinganishe. Punde watahisi manyunyu usoni, na jibu watalipata wenyewe. Wakati huo mwalimu anyamaze. Akijibu kwa niaba yao, atakuwa amewanyang'anya somo lao.

Jambo hili si dogo. Katika milima hiyo hiyo, kwenye korongo la Kihansi, watafiti walimgundua mwaka 1996 chura mdogo ambaye hatagi mayai, bali huzaa watoto. Maisha yake yote yalitegemea manyunyu ya maporomoko. Maji mengi ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 180, manyunyu yalipungua mno. Mwaka 2000 baadhi ya vyura walipelekwa Marekani wakatunzwe huko, na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini. Mwaka 2012 vizazi vya wale waliotunzwa vilianza kurudishwa Kihansi, ambako manyunyu ya kutengenezwa kwa mabomba yalikuwa yamewekwa.

Umeme ule ulihitajika, na hakuna haja ya kumfundisha mtoto kuuchukia. Lakini mtoto aliyekariri tu kwamba maporomoko hutoa umeme amejua nusu ya habari. Uamuzi kama ule wa Kihansi utakuja tena, na watakaoutoa wamekaa leo kwenye madawati yetu. Ni heri wawe wamewahi kulowa manyunyu.

Tahadhari ni za lazima: kibali cha wazazi, mwongozaji wa hifadhi, watoto kuhesabiwa kila kituo, na katazo la kupanda mawe yenye utelezi. Tena safari isifanywe zawadi ya waliofaulu mtihani. Asiyeelewa kitabuni ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kugusa jiwe.

Mwanachuo atakayepangiwa shule iliyo mbali na Udzungwa asivunjike moyo. Kijito nyuma ya shule, au chemchemi ya kijiji, chatosha. Aende kwanza peke yake, aipime njia kwa miguu ya mtoto, atafute swali lake moja. Ndipo awachukue wanafunzi.