Masta ya Kriminolojia: Itakutoa Kitaa ama Itakukulia Ganji?

Skiza mtu wangu. Kama uko Otonglo, ulimaliza digrii na sasa ni miaka mbili unatuma CV kwa watu hawajibu, hili wazo litakugonga tu siku moja: si nirudi shule nifanye masta? Hii ya kriminolojia, mambo ya uhalifu na haki. Makarao wako kila kona, kesi haziishi, kazi itakosaje?

Ukiiskia haraka inakaa hesabu poa. Wacha tuipige polepole kabla mzazi auze ng'ombe. Na usidhani nataka kukuuzia chuo. Mimi koleji niliacha katikati, sina karatasi ya kukuringia.

Anza na makarao. Novemba 17, 2025 serikali iliandika makurutu 10,000 wa polisi kote nchini. Unajua walikuwa wanataka gredi gani? D plus ya KCSE. Pale uwanjani hakuna mtu alikuuliza nadharia za uhalifu. Ni kitambulisho, urefu, meno na mbio. Masta unaweza kuibeba kwa bahasha ukitaka, lakini laini ni ile ile moja na yule dogo wa form four.

Wenye walishaingia nao wana stori yao. Kulikuwa na waraka wa 1995 uliosema konstebo mwenye digrii alipwe kama inspekta. Wasee wakajinyima, wakasoma jioni na wikendi wakitoka zamu. Baadaye mishahara ikarudishwa chini, na wakajipata kortini wakipigania pesa yao. So kama unasaka masta ndio upandishwe cheo, jua mwajiri anaweza kuamka siku moja aseme hiyo karatasi haimsaidii na kitu.

Kitu ingine watu huchanganya: masta ya kriminolojia haikufanyi wakili. Ukitaka kusimama mbele ya hakimu ukitetea watu, njia ni digrii ya sheria, kisha Kenya School of Law, upite mtihani wa mawakili, uapishwe. Hakuna kona ya kukata hapo. Usikubali mtu akuambie utatoka darasani la kriminolojia ukiwa na gauni nyeusi.

Sasa utauliza, basi hii masta ni ya nani?

Ni ya msee ako na swali. Na hapa kwetu maswali yako tele. Ukitoka Kisumu taoni ushike barabara ya Busia, huku kwetu Otonglo, gereza kuu la Kisumu liko hii upande yetu. Kodiaga tunaijua wote. Ukipita na mathree unaona watu wamebeba shopping wakienda kuona mtu wao. Wengine wanaenda kuona mtu hajahukumiwa bado, yuko rumande tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na aachiliwe kwa dhamana yenye masharti nafuu kama hakuna sababu nzito ya kumzuia. Lakini nafuu ya nani? Dhamana ya thao tano kwa msee wa kuuza omena ni ukuta. Ni wangapi wamelala ndani juu ya ganji kama hiyo, na kwa muda gani? Huo ni utafiti mzima, na uko hatua chache kutoka kwa keja yako.

Ingine ni hii. Tangu 1998 kuna sheria inayomruhusu hakimu kumpa mtu kazi ya jamii badala ya jela, kama kosa lenyewe halina kifungo cha zaidi ya miaka tatu, ama korti inaona kifungo kinachofaa ni miaka tatu kushuka chini. Hapo korti husikiza ofisa wa probesheni, yule anaandika ripoti kuhusu mshtakiwa: anaishi wapi, anategemewa na nani, anaweza kubadilika. Ripoti ikiandikwa vizuri, msee anafagia hosi miezi mitatu na analala kwake. Ikiandikwa ovyo, anaenda Kodiaga na watoto wanatoka shule. Hapo masomo yana maana, juu kuna mtu analala ndani ama nje kwa sababu ya page zako mbili.

Halafu kuna Nyalenda. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, polisi waliingia kwa nyumba za watu usiku. Samantha Pendo, mtoto wa miezi sita, alipigwa na akafariki siku chache baadaye. Februari 2019 korti ya Kisumu iliyochunguza hicho kifo ikasema wakubwa wa polisi waliosimamia ile operesheni wawajibike. Oktoba 2022 ofisi ya DPP ikatangaza mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu kwa maafisa wa polisi. Miaka tano, omera. Hapo katikati kulikuwa na watu wakiandika maneno ya mashahidi, wakisoma ripoti za daktari, wakitafuta nani alimpa nani amri usiku huo. Hasira ya mtaa ilikuwa ya haki, lakini hasira haiwezi kuwekwa kwa faili. Kujua kupanga ushahidi ndio kazi, na hiyo inafundishwa.

Kama unadhani hii ni ya wasomi tu, cheki Morris Kaberia. Alikuwa karao, akahukumiwa kunyongwa, akasomea sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa ndani Kamiti, na Septemba 2018 akatoka. Uganda kuna Susan Kigula. Naye alikuwa na hukumu ya kifo. Kesi iliyobeba jina lake, ya wafungwa zaidi ya 400, ndiyo ilifanya mahakama kuu zaidi ya huko kukataa mwaka 2009 hukumu ya kifo ya lazima. Akasomea sheria jela, akatoka 2016. Hao hawakurudi kitabu juu wameboeka kejani. Walikuwa na swali lilikuwa linawanyima usingizi.

Na ujue masta yenyewe si darasa tu. Kwa karatasi ni miaka mbili. Mwaka wa kwanza unakaa darasani, hapo wengi wanapita. Kisha inakuja tasnifu. Lazima proposo ipite, upate leseni ya utafiti ya NACOSTI, na ukitaka kuongea na wafungwa uombe ruhusa ya idara ya magereza. Msee hana swali anakwama hapa, na karo inazidi kuhesabika.

So kabla ulipe shilingi, fanya hivi. Jumatatu moja vaa shati poa uende korti ya Kisumu. Kesi nyingi ziko wazi kwa kila mtu, hulipi kitu. Kaa nyuma, zima simu, uskize hadi saa sita. Utaona mama wa kuuza bila leseni, utaona dogo ameshikwa na nduthi ya mtu, utaona nani ako na wakili na nani anajibu peke yake. Ukitoka hapo na kitu inakusumbua kichwani hadi Jumatano, tafuta chuo, omba nafasi. Ukitoka tu ukiwa na njaa, basi hiyo ganji weka deposit ya nduthi yako mwenyewe, na hakuna mtu atakucheka.