Moyo wa Mama Nao Utunzwe

Nina wenzangu wawili katika ualimu, bwana mmoja na bibi mmoja, walionusurika mshtuko wa moyo. Bwana alipotoka hospitalini alipewa barua ya kuhudhuria mazoezi na mafunzo ya kuurejeshea moyo nguvu. Bibi aliambiwa akapumzike nyumbani. Kupumzika kwenyewe kulikuwa kuteka maji, kupika na kulea wajukuu!

Wapo watakaosema hiyo ni sadfa tu. La hasha! Mjini Calgary, nchini Kanada, watafiti waliwachunguza wagonjwa wa moyo karibu 26,000 wa kati ya mwaka 1996 na 2009. Katika kila wanaume 100, 42 walielekezwa kwenye mazoezi hayo. Katika kila wanawake 100, 31 pekee. Hata katika kuyamaliza, wanawake walibaki nyuma.

Hata hivyo, funzo kubwa liko hapa. Wanawake waliomaliza walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa takriban asilimia 64 kuliko wanawake wenzao wasiohudhuria. Kwa wanaume, tofauti hiyo ilikuwa kama asilimia 49. Anayenyimwa zaidi ndiye anayeelekea kufaidika zaidi.

Mwanafunzi mwerevu atanipinga kwamba huenda waliomaliza walikuwa na nguvu tangu mwanzo. Hoja yake ina uzito, nami siibezi. Lakini haielezi ni kwa nini mama haelekezwi.

Kwa maoni yangu, kasoro haimo katika mwili wa mwanamke bali mlangoni pa kuingilia. Tumezoea kuuona ugonjwa wa moyo kuwa wa wanaume, basi mama husahaulika. Naye akikumbukwa, huona haya kuwaachia wengine kazi za nyumbani mara mbili au tatu kwa wiki kwa ajili ya afya yake.

Yafaa basi kila mgonjwa anayestahili aandikiwe barua hiyo kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, awe mume au mke. Saa za mazoezi nazo zizingatie majukumu ya akina mama, na jamaa zao wawapokee mizigo. Nasi walimu tuwafunze vijana kumwuliza daktari, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Yule bwana sasa anafundisha tena. Bibi angali anapumzika, ndoo kichwani.